Kwa nini mwanangu hawezi kusoma shule iliyo ng'ambo ya barabara?

*"Tunaishi Columbus, Ohio, tangu mwaka jana, na watoto watatu. Mimi nilisoma Kigoma, ambako mtihani wa darasa la saba ulikuwa mmoja nchi nzima. Hapa kuna shule nzuri ng'ambo ya barabara, tunaiona dirishani, lakini nilipokwenda kuandikisha walinirudisha wakasema hiyo si wilaya yetu, ingawa barua zetu zinaandikwa Columbus na zao zinaandikwa Columbus. Mume wangu anataka tutumie anwani ya binamu yake anayeishi upande ule. Jirani anasema tungoje tu, kwa sababu serikali ya Washington inafunga wizara ya elimu na kila kitu kitabadilika. Tena nimeambiwa kijana wangu wa miaka 18 amechelewa, hawezi kuandikishwa. Inakuwaje nchi moja iwe na shule za namna hii, na mimi nifanye nini?"*

Dada, umeuliza mambo manne na yote yana mzizi mmoja, kwa hiyo nitakupa majibu mafupi kwanza halafu tushuke kwenye mzizi. Karani aliyekurudisha hakukuonea: mpaka wa wilaya ya shule, yaani eneo lenye bodi yake na kodi yake ya shule, unaweza kupita katikati ya barabara kabisa, na inaonekana kwenu ndivyo ulivyo. Anwani ya binamu msiitumie, nitaeleza kwa nini. Wizara ya Washington haimiliki wala haiendeshi shule ya mtaani kwenu, kwa hiyo kuingoja ni kuwapotezea watoto muhula. Na kijana wa miaka 18 hajachelewa. Sheria ya Ohio inampa haki ya kusoma bure mpaka afikishe miaka 22, mradi hajapata cheti cha kumaliza sekondari. Huyo mpeleke wiki hii hii, hata kabla hujamaliza kufikiria mengine.

Mtu aliyesoma Tanzania anakuja Marekani na picha ya wizara moja, mtaala mmoja na mtihani mmoja. Marekani haijawahi kuwa hivyo. Katiba yao, iliyoandikwa mwaka 1787, haitaji elimu mahali popote, na Marekebisho ya 10 ya mwaka 1791 yanasema kwamba mamlaka ambayo serikali kuu haikupewa yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Elimu ikabaki huko. Majimbo nayo yakaiacha mikononi mwa miji na vijiji, kwa sababu huko ndiko ilikokuwa tayari, zaidi ya miaka mia moja kabla ya taifa kuzaliwa.

Mwaka 1647 koloni la Massachusetts lilitunga sheria kwamba kila mji wenye kaya 50 uajiri mtu wa kuwafundisha watoto kusoma na kuandika, na ukifika kaya 100 ufungue shule ya sarufi ya kuandaa vijana wa chuo kikuu. Sheria iliagiza, lakini fedha haikutoa. Mshahara wa mwalimu ulipwe ama na wazazi, ama na wakazi wote kwa pamoja, wenyewe waamue. Ukiitazama sheria hiyo vizuri, umeiona Columbus ya leo: aliye juu anaamuru, walio chini wanachanga, na anayechanga ndiye anayejiona mwenye shule.

Ohio yenyewe ina nafasi ya pekee katika habari hii. Mwaka 1785, kabla hata Katiba haijaandikwa, Kongresi, bunge la Marekani, iliamua jinsi ya kupima ardhi mpya za magharibi, na upimaji ukaanzia mashariki ya Ohio. Ardhi ilikatwa miraba ya maili 6 kwa 6, kila mraba vipande 36, kila kipande ekari 640, na kipande namba 16 kikawekwa kando kwa ajili ya shule. Ardhi hiyo, ikumbukwe, ilikuwa ya mataifa ya wenyeji wa asili, nao hawakuulizwa. Wazo lilikuwa kwamba kipande hicho kikodishwe au kuuzwa na mapato yalipe mwalimu, lakini mapato hayakutosha. Ndipo mwaka 1825 Ohio ikaagiza kila kaunti itoze kodi ya mali kwa ajili ya shule, nusu dola kwa kila dola 1,000 ya thamani ya mali. Shule na thamani ya nyumba na mashamba yaliyoizunguka vikafungwa kamba moja, na kamba hiyo haijakatwa mpaka leo.

Mwenye haki ya kutajwa hapa ni Horace Mann, katibu wa bodi ya elimu ya Massachusetts kuanzia 1837 hadi 1848. Yeye alizunguka akiwashawishi matajiri na wasio na watoto kwamba nao wana wajibu wa kulipia shule ya watoto wote, na kwamba mtoto wa tajiri na wa maskini wakae darasa moja. Mwaka 1839 jimbo lake lilifungua huko Lexington chuo cha kwanza cha umma cha ualimu, na mwaka 1852 likawa la kwanza kulazimisha mahudhurio: watoto wa miaka 8 hadi 14, angalau wiki 12 kwa mwaka. Majimbo mengine yalifuata kwa mwendo wa kila moja. Mississippi ilikuwa ya mwisho, mwaka 1918. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "Marekani ilianza elimu ya lazima mwaka fulani", muulize: jimbo lipi?

Lakini si kila mtoto alikaribishwa. Majimbo ya Kusini, wakati wa utumwa, yalikuwa na sheria za kuadhibu anayemfundisha mtumwa kusoma. Ohio haikuwa na utumwa, hata hivyo sheria yake ya mwaka 1829 iliwafungia watoto weusi mlango wa shule za umma, na mwishoni mwa miaka ya 1840 ikaruhusu shule zao za pekee. Sheria hizo za kutenganisha zilifutwa mwaka 1887, kwa juhudi za mbunge mweusi Benjamin Arnett. Huko Kusini mambo yalirudi nyuma: mwaka 1896 Mahakama ya Juu ya Marekani ilihalalisha utenganisho, na shule za weusi zikaachiwa makombo. Jamii za weusi zilichanga fedha, ardhi na nguvu zao wenyewe, na kwa kusaidiana na mfuko wa mfanyabiashara Julius Rosenwald, hadi mwaka 1932 walikuwa wamejenga karibu shule 5,000. Watu hawa walilipa kodi ya shule, kisha wakachanga tena kujenga shule. Mara nyingi historia ya elimu ya Marekani inapita hapo mbio. Haistahili kupitwa mbio.

Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Brown, ilisema kutenganisha watoto kwa rangi katika shule za umma ni kuvunja Katiba. Wengi wanadhani siku hiyo ndipo suala lilipokwisha. Hapana. Kaunti ya Prince Edward huko Virginia ilifunga shule zake zote za umma kuanzia 1959 hadi 1964 kuliko kuchanganya watoto. Na Kaskazini, ambako hakukuwa na sheria ya kutenganisha, kazi hiyo ilifanywa na ramani. Kuanzia mwaka 1934 shirika la serikali kuu la kudhamini mikopo ya nyumba lilikuwa likikataa kudhamini katika mitaa ya weusi na likipendelea mitaa mipya ya weupe pembezoni mwa miji. Familia nyeupe zikahamia huko na kukuta, au kuunda, wilaya za shule zilizo na bodi yao na kodi yao.

Hapa ndipo inakuja miaka miwili iliyouchora mpaka wa barabarani kwako kwa wino usiofutika. Mwaka 1973, katika kesi iliyofunguliwa na Demetrio Rodriguez na wazazi wenzake wa wilaya ya Edgewood, San Antonio, Mahakama ya Juu iliulizwa kama ni halali shule kutegemea utajiri wa mtaa. Hesabu zilikuwa mezani. Edgewood walijitoza kodi kwa kiwango cha juu kuliko majirani zao matajiri wa Alamo Heights, dola 1.05 kwa kila 100 dhidi ya senti 85, lakini kwa kuwa nyumba zao zilikuwa za bei ya chini walipata dola 26 tu kwa mwanafunzi, huku Alamo Heights wakipata 333. Hata baada ya kuongeza fedha za jimbo na za serikali kuu, ilikuwa dola 356 kwa 594. Kwa kura 5 dhidi ya 4 mahakama ilisema Katiba ya Marekani haitoi haki ya elimu, na kwamba tofauti hiyo haivunji Katiba. Mwaka uliofuata, 1974, tena kwa kura 5 dhidi ya 4, ilikataa mpango wa kuunganisha Detroit na wilaya 53 za pembezoni ili watoto wachanganywe: mpaka wa wilaya usivukwe mpaka ithibitishwe kwamba wilaya za pembezoni nazo zilibagua. Jaji Thurgood Marshall, ambaye miaka 20 kabla alikuwa wakili aliyeshinda kesi ya Brown, aliandika kupinga. Kwa maoni yangu hukumu hizi mbili zinaeleza shule za Marekani za leo kuliko hukumu ya 1954 ambayo kila mtoto anaisoma.

Sasa Columbus. Mwaka 1977 Jaji Robert Duncan wa mahakama ya serikali kuu alikuta kwamba bodi ya shule ya Columbus ilikuwa imetenganisha watoto kwa makusudi kupitia mahali ilipojenga shule, ilivyochora maeneo na ilivyopanga walimu. Mahakama ya Juu ilikubaliana naye mwaka 1979, na Septemba ya mwaka huo mabasi yakaanza kubeba watoto kutoka mtaa hadi mtaa. Lakini amri hiyo iliihusu wilaya ya Columbus peke yake. Wakati huohuo mji wenyewe ulikuwa umepanuka kwa miongo kadhaa kwa kumeza maeneo ya jirani, na mipaka ya wilaya ya shule haikufuata upanuzi huo. Mwaka 1986 wilaya ya Columbus na za pembezoni ziliafikiana kwamba maeneo ya mji yaliyokuwa tayari chini ya wilaya nyingine yabaki huko huko. Kwa hiyo mtu anaweza kuishi ndani ya mji wa Columbus, kumpigia kura meya wa Columbus, na mtoto wake akawa mwanafunzi wa wilaya ya Dublin, Hilliard, Westerville, Worthington au South-Western. Anwani ya posta haikuambii chochote kuhusu wilaya. Ndiyo maana barua zako na za wale ng'ambo zinafanana.

Fedha zenyewe zinakwendaje? Ohio hutoza kodi juu ya asilimia 35 ya thamani ya nyumba sokoni. Nyumba ya dola 200,000 inahesabiwa 70,000. Kiwango hupimwa kwa mili: mili moja ni dola 1 kwa kila dola 1,000. Mili 40 juu ya nyumba hiyo ni dola 2,800 kwa mwaka. Mtaa wenye nyumba za dola 80,000, kwa mili zilezile 40, unapata 1,120 kwa nyumba. Wakazi wamejibana sawasawa na mapato yameachana mbali. Ongeza maduka makubwa, ofisi na viwanda, vilivyopo wilaya moja na visivyopo nyingine, pengo linapanuka. Tena sheria ya Ohio ya mwaka 1976 inazuia kiasi kilichopitishwa kwa kura kupanda pamoja na bei za nyumba, ndiyo maana kila baada ya miaka michache unaona mabango ya wilaya ikiwarudia wapiga kura kuomba kodi mpya. Ikikataliwa, hukatwa mabasi, walimu wa muziki, wasaidizi wa darasani.

Na usikubali mtu akuambie kwamba mpangaji halipi kodi ya shule. Mwenye nyumba anailipa kutoka kwenye pango lako.

Wananchi wa Ohio hawakunyamaza. Katiba ya jimbo ya mwaka 1851 inaahidi mfumo kamili na wenye ufanisi wa shule za umma, na kwa msingi huo Mahakama ya Juu ya Ohio, katika kesi ya DeRolph mwaka 1997, ilisema namna jimbo linavyogharimia shule inavunja Katiba hiyo. Ilirudia mwaka 2000 na 2002, kisha ikajitoa kwenye kesi bila kulazimisha dawa. Fedha za jimbo zimeongezeka tangu hapo na kanuni ya kuzigawa imebadilishwa zaidi ya mara moja, lakini kodi ya nyumba bado ni nguzo.

Kuhusu wizara ya Washington: iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979 chini ya Rais Jimmy Carter na kuanza kazi Mei 1980. Sheria iliyoiunda inaikataza kuelekeza mtaala wa shule. Kazi yake ni kupitisha fedha, kutunza takwimu, kusimamia mikopo ya wanafunzi wa vyuo na kulinda haki za kiraia shuleni. Sehemu ya serikali kuu katika fedha za shule za msingi na sekondari, kwa miaka mingi, imekuwa kama moja ya kumi. Zingine hutoka jimboni na mitaani. Ni kweli Machi 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kuanza kuifunga. Kuifuta kabisa ni kazi ya Kongresi, na haki ambazo nitakutajia sasa zimo katika sheria na hukumu, hazimo katika jengo la wizara. Kinachostahili kuwatia wasiwasi wazazi ni kitu kingine: nani atapokea malalamiko yao na atayashughulikia kwa kasi gani. Mpaka wa barabarani kwako hautahama kwa sababu ya Washington.

Haki hizo zinamfuata mtoto, awe upande wowote wa barabara. Hukumu ya Plyler ya mwaka 1982 inazuia shule ya umma kumkataa mtoto kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Hukumu ya Lau ya mwaka 1974, iliyotokana na watoto wa Kichina wa San Francisco waliokaa darasani bila kuelewa lugha, pamoja na sheria ya haki za kiraia ya 1964 na ya fursa sawa za elimu ya 1974, inailazimu wilaya kumsaidia mtoto asiyejua Kiingereza. Sheria ya mwaka 1975 inampa mtoto mwenye ulemavu elimu inayomfaa, bure. Columbus au ng'ambo, hizo ni zako.

Zitumie hivi. Wakati wa kuandikisha utapewa fomu inayouliza lugha ya nyumbani. Andika Kiswahili, na lugha nyingine mnayoongea. Wazazi wengi huandika Kiingereza wakidhani mtoto atawekwa darasa la chini. Matokeo yake hapimwi, hapati msaada, na miezi inapita anaonekana mzito kumbe haelewi. Ukiandika ukweli atapimwa, na shule inapaswa kukuarifu ndani ya siku 30 tangu mwaka wa shule uanze (au wiki mbili, kama ameingia katikati ya mwaka) amewekwa programu gani na kwa nini. Omba mkalimani wa shule kwenye mikutano, wala usimtume mwanao akutafsirie ripoti yake mwenyewe. Ukihisi mtoto ana tatizo la kujifunza ambalo si la lugha, andika barua fupi yenye tarehe ukiomba apimwe, tunza nakala. Baada ya wewe kusaini ridhaa, kipimo kwa kawaida kikamilike ndani ya siku 60. Ombi la mdomo husahaulika, la maandishi lina saa inayohesabu.

Vitu vya kubeba siku ya kuandikisha: mkataba wa nyumba na bili ya umeme au maji yenye jina lako, cheti cha kuzaliwa au hati ya kusafiria ya mtoto (wakimbizi, fomu yenu ya I-94, ile ya kuingia nchini, itasaidia), kadi ya chanjo, na ripoti za shule alizotoka. Kadi ya chanjo ikikosekana mtoto anaweza kuanza, lakini mna siku 14 za kuonyesha chanjo zimekamilika au zimeanza.

Kwa kijana wako, zile ripoti za shule ni mali. Sekondari za Marekani huhesabu krediti, utaratibu uliotokana na kipimo cha mwaka 1906 ambapo somo moja la mwaka mzima ni kama saa 120 darasani, na Ohio inadai angalau krediti 20 kwa cheti. Asipoleta karatasi huenda akaanzishwa darasa la 9 kama hajawahi kusoma kitu, na miaka yake minne kabla ya kufikisha 22 itaishia hapo hapo. Akileta matokeo ya kidato, yaliyotafsiriwa kama ni ya Kifaransa, mshauri wa shule anaweza kumpa krediti za hisabati, sayansi na hata lugha. Kaa na mshauri huyo, hesabuni pamoja krediti kwa muhula, mwone kama anafika. Wakimpendekezea GED, mtihani wa kupata cheti mbadala cha sekondari, badala ya shule, hilo ni pendekezo, kukubali ni hiari yenu. Kwa kijana mwenye kazi na familia GED inaweza kufaa. Kwa anayehitaji kwanza kujifunza Kiingereza, darasa lenye walimu na wenzake lina faida zaidi.

Na shule ya ng'ambo? Anza kwa kuthibitisha: ingia tovuti ya odita (ofisa anayetunza rekodi za mali) wa Kaunti ya Franklin, ulipo mji wa Columbus, andika anwani yako, utaona wilaya yako ya shule. (Jina hilo hilo, na namba yake ya tarakimu 4, ndilo liende kwenye fomu yako ya kodi ya jimbo, wengi hukosea hapo.) Kisha uliza wilaya ya ng'ambo kama inapokea watoto wa nje. Ohio huiachia kila wilaya ichague: isipokee, ipokee wa wilaya jirani tu, au ipokee wa jimbo zima. Nikuambie ukweli, wilaya nyingi tajiri zinazouzunguka mji hazipokei. Ikipokea, maombi huwa na muda wake maalumu, na utampeleka mtoto wewe mwenyewe hadi kituo cha basi kilicho ndani ya wilaya ile.

Ndani ya wilaya ya Columbus kuna shule zenye programu maalumu ambazo huingiwa kwa bahati nasibu. Hizi huwa ninawahimiza wazazi wazitazame kwanza, kwa sababu ni bure, zina basi kwa wanaostahili, na wageni wengi hawajui kama zipo. Zipo pia shule za mkataba, zinazolipiwa na umma lakini haziendeshwi na wilaya, ambazo Ohio iliziruhusu mwaka 1997 na huitwa za jumuiya. Hazina karo na hazijali upande wa barabara, lakini ubora wake unatofautiana kama usiku na mchana. Januari 2018 shule kubwa ya mtandaoni ya jimbo ilifungwa katikati ya mwaka na watoto wapatao 12,000 wakatafuta pa kwenda. Kabla ya kuingia, soma kadi ya tathmini ya jimbo ya shule hiyo, uliza imeendeshwa miaka mingapi, na uliza ina walimu wangapi wenye leseni ya kufundisha wanaojifunza Kiingereza. Vocha za shule binafsi, yaani fedha za jimbo za kusaidia kulipa karo, zipo, ila mara nyingi hazifikii karo yote kwenye shule za gharama, na shule binafsi inaweza kumkataa mtoto.

Kuhama ni njia halali, na ndiyo ghali. Piga hesabu ya pango kwanza. Wakati mwingine upande wa pili wa barabara ni dola mia mbili zaidi kwa mwezi, wakati mwingine ni mara mbili.

Anwani ya binamu ni jambo jingine. Mwaka 2011 huko Akron, hapo hapo Ohio, mama mmoja aliyetumia anwani ya baba yake ili watoto wasome wilaya nyingine alihukumiwa siku 10 jela kwa kosa la jinai. Gavana baadaye alilipunguza kosa, lakini jela alikuwa amekaa. Wilaya zingine huajiri wapelelezi, na huweza kudai karo ya muda wote mtoto aliosoma pale. Kwenu ninyi kuna hatari zaidi: hati ya uongo iliyosainiwa inaweza kuibuka siku ya usaili wa uraia. Mkihamia kweli kwa binamu, ni halali. Na kama mmelazimika kukaa kwa ndugu kwa kuwa mmepoteza nyumba, sheria ya serikali kuu ya mwaka 1987 inawahesabu watoto kama wasio na makazi, na shule lazima iwaandikishe mara moja hata bila karatasi. Kila wilaya ina afisa wa jambo hilo, mwulizie.

Mikutano ya bodi ya shule iko wazi kwa kila mtu, awe raia au la, na ukijiandikisha mapema unapewa dakika chache za kusema. Bodi ya Columbus ina wajumbe 7, wanachaguliwa Novemba ya miaka isiyogawanyika kwa mbili. Kupiga kura ni mpaka upate uraia. Kabla ya hapo usikubali mtu akuandikishe, hata kwa nia njema.

Sasa, mambo ambayo hayafai kumalizwa kwa kusoma jibu kama hili. Kama shule imekataa kabisa kumwandikisha kijana wa miaka 18, omba kukataliwa huko kwa maandishi na uende nalo kwenye ofisi ya msaada wa kisheria wa bure. Kama mlikwisha kusaini fomu yenye anwani ya binamu, msiirekebishe wenyewe kwa hofu. Onaneni na mwanasheria wa uhamiaji kwanza, kabla ya kusema lolote shuleni. Kama ni mtoto mwenye ulemavu na kikao cha mpango wake, ule wanaouita IEP, kinakuelemea, Ohio ina vituo vya kusaidia wazazi ambavyo hutuma mtu kukaa nawe mezani. Na shirika lililowapokea mlipofika, hata kama muda wao wa kuwahudumia umekwisha, kwa kawaida lina mtu anayezijua ofisi za wilaya kwa majina. Mpigie huyo kesho asubuhi, kabla hujarudi shuleni peke yako.